Saraka Haitaki Mbio

Imani iliyotawala katika idara za Tehama za mashirika yenye matawi ni hii: saraka nzuri ni ile ambayo nakala zake zote zinafanana kila sekunde. Mfanyakazi akiandikishwa makao makuu Dar es Salaam, jina lake lionekane Mbeya kabla fundi hajaondoa mkono kwenye kibodi. Likichelewa, ama seva ni mbovu ama aliyeisimika hajui kazi. Imani hiyo imezaa mazoea mawili. La kwanza ni kubana kila muda wa kusubiri mpaka chini kabisa. La pili ni kubofya "sawazisha sasa" kila anapotokea mtu wa kulalamika. Nayapinga yote mawili, na zaidi ya hayo naipinga imani iliyoyazaa.

Saraka ninayoizungumzia ni hifadhi ya majina na ruhusa: watumiaji, makundi yao, kompyuta, printa, nani anaingia wapi. Katika ofisi nyingi ni Active Directory ya Microsoft, iliyotoka pamoja na Windows 2000. Penye Linux utaikuta OpenLDAP. Zote huwekwa kwenye seva zaidi ya moja ili moja ikizimika kazi iendelee, na zote hupelekeana mabadiliko kwa kazi za chinichini ambazo mtumiaji hazioni. Ugomvi wangu uko kwenye kazi hizo. Mafundi wetu wanahangaika na zile zinazojiweza, wanazitelekeza zile zinazohitaji mkono wa mtu.

Ndoto ya nakala zinazofanana papo kwa papo si ngeni. Watafiti wa Xerox kule Palo Alto walipambana nayo katika miaka ya 1980. Kampuni hiyo ilikuwa na saraka iitwayo Clearinghouse, iliyotapakaa kwenye mamia ya mitandao ya ofisi zake. Kila badiliko lilitumwa kwa barua kwenda kwenye seva zote zinazohusika. Usiku seva zililinganishwa, na palipoonekana tofauti badiliko lilitumwa upya kwa zote. Mwaka 1987 Alan Demers na wenzake walieleza yaliyowakuta: kwa sehemu ya saraka iliyohifadhiwa kwenye seva 300, usiku mmoja ungeweza kuzaa barua 90,000. Mtandao ulielemewa. Hawakukimbilia kununua laini nene zaidi. Waliuzima ule utumaji wa pili, kisha wakatafuta njia ya kuiacha habari isambae kama uvumi mtaani, seva kwa seva, ikipitia zaidi kwa jirani wa karibu kuliko wa mbali. Kwa muda nakala zingetofautiana, na wao walilikubali hilo wakijua wanalolifanya, mradi mwisho wa yote zifanane. Hata alama inayoachwa mahali pa kitu kilichofutwa walikwisha kuifikiria. Waliiita cheti cha kifo. Nitairudia alama hiyo, maana ndiyo inayoua saraka nyingi.

Ukifungua mipangilio ya Active Directory utaona hekima hiyohiyo. Seva zilizo katika eneo moja, yaani zilizounganishwa kwa mtandao wa kasi wa jengo moja, huanza kupashana habari sekunde 15 baada ya badiliko, kisha hupisha sekunde 3 kati ya jirani na jirani. Kati ya eneo na eneo, mpangilio wa kiwandani ni kuulizana kila baada ya dakika 180, na ratiba haikubali kushuka chini ya dakika 15. Data inayovuka huko hubanwa kwanza ipungue ukubwa, jambo ambalo ndani ya jengo halifanyiki kwa sababu halina faida.

Saa tatu hizo ndizo zinazotukanwa. Wapo wanaoziepuka kwa kuziweka seva zote, ya Kariakoo na ya Kigoma, ndani ya eneo lilelile la awali lililotengenezwa siku ya kusimika, halafu wakajisifu kwamba tawi linapata habari ndani ya nusu dakika. Wanachosahau ni kwamba maeneo hayakuwekwa kwa ajili ya usawazishaji peke yake. Kompyuta hulitumia eneo kuchagua seva ya kuombea ruhusa ya kuingia. Ukiifuta tofauti, kompyuta ya Kigoma inaweza kwenda kubisha hodi Dar es Salaam ilhali seva yake iko chumba cha pili, na kila asubuhi wafanyakazi wakae wanakodolea skrini inayozunguka. Fundi ameharakisha kinachotokea mara chache kwa siku, yaani badiliko, akachelewesha kinachotokea kila dakika, yaani mtu kuingia.

Sisemi dakika 180 ni amri ya Mungu. Namba hiyo imetoka enzi za laini nyembamba, na penye mkongo imara dakika 15 au 30 ni sawa kabisa. Kuna mahali hata kuwasha taarifa ya papo hapo kati ya maeneo ni halali. Ninachokikataa ni kuichagua namba kwa sababu ya aibu. Swali la kuuliza ni badiliko gani likichelewa linamuumiza nani. Printa mpya ya ghorofa ya pili Dar es Salaam, ikionekana Kigoma baada ya saa mbili, imemuumiza nani?

Hapo watu huniletea nywila. Mfanyakazi wa tawini amesahau nywila, makao makuu wamembadilishia, je, akae saa tatu bila kazi? Hoja inasikika nzito, ila ilifikiriwa kabla hatujaitoa. Katika Active Directory nywila inapobadilishwa, seva iliyolipokea badiliko huipeleka mara moja kwa seva moja maalumu yenye jukumu la kupokea nywila mpya, bila kungoja ratiba. Tawini, seva inayoona nywila haifanani na iliyo nayo haikatai hapohapo. Humuuliza kwanza yule mwenye jukumu. Mtumiaji anaingia, ratiba ikiendelea na usingizi wake. Akaunti kufungwa kwa kukosea nywila mara nyingi nako kuna njia yake ya haraka. Kwa hiyo fundi anayebana ratiba yote kwa ajili ya nywila anatibu kilichokwisha kupona. Kama nywila mpya kweli haifanyi kazi tawini, basi tawi halimfikii yule mwenye jukumu, na ugonjwa huo hautibiwi na ratiba.

Wakaguzi wa ndani wana hoja nzito kuliko hiyo, na nitaipa nafasi yake. Mhasibu amefukuzwa kazi saa nne asubuhi. Makao makuu wameizima akaunti yake. Tawini, seva haijapata habari, na mhasibu bado yuko mezani. Ni kweli: kuzimwa kwa akaunti hakumo katika orodha ya mambo yanayopewa njia ya haraka. Ni kweli pia kwamba nywila yake ya zamani itakubalika pale tawini mpaka habari ifike. Lakini tuufuate mfano hadi mwisho. Tuseme usawazishaji ni wa papo hapo na seva ya tawi inajua sekunde ileile. Mhasibu aliingia saa mbili. Mfumo wa Kerberos ulikwisha kumpa tiketi za huduma anazozitumia, na kwa mpangilio wa kawaida tiketi ya huduma huishi hadi dakika 600. Folda aliyoifungua asubuhi inaendelea kumpokea. Ile kasi uliyoihangaikia haijamtoa mlangoni.

Kinachomtoa ni utaratibu. Fundi anayejua kazi huelekeza dirisha lake la usimamizi kwenye seva ya tawi lenyewe na kuizima akaunti pale, kisha kule makao makuu kutafuata. Au hutumia amri ya kupeleka kitu kimoja tu, akaunti hiyo, bila kuisukuma saraka nzima. Kisha hukata vikao vilivyo wazi kwenye seva ya mafaili. Kazi ya dakika chache, kwa tukio ambalo hutokea mara chache. Kuigeuza ratiba ya matawi yote, usiku na mchana, kwa ajili ya mhasibu mmoja ni uvivu unaovaa koti la usalama.

Sasa kile kitufe. "Sawazisha sasa" ni Panadol kwa mgonjwa wa malaria: homa inashuka, vimelea vinaendelea. Usawazishaji uliokwama una sababu, na sababu hizo si nyingi. Jina la seva halitafsiriki kwenye DNS. Saa za seva mbili zimepishana zaidi ya dakika 5, na Kerberos imekataa. Faiawoli imefunga mlango. Mtu alitengeneza miunganisho kwa mkono miaka iliyopita, akidhani anaisaidia kazi ya chinichini inayochora njia za seva kila baada ya dakika 15, na kazi hiyo haigusi kilichotengenezwa kwa mkono hata kama seva ya upande wa pili imekwisha kuuzwa kwa bei ya chuma chakavu. Amri ya repadmin huonyesha lini kila jirani alifanikiwa mara ya mwisho na ameshindwa mara ngapi mfululizo. Mwenye kuisoma kila Jumatatu hahitaji kitufe. Mwenye kubofya kitufe huifuta dalili kabla haijasomwa, na kesho anashangaa tena.

Haohao wanaochokonoa ratiba hawajui seva yao inafagia taka lini. Waulize. Kwa mpangilio wa kawaida, kila baada ya saa 12 seva ya Active Directory hupita kwenye hifadhi yake na kuondoa vitu ambavyo muda wao wa kukaa kaburini umekwisha. Kitu kikifutwa hakiondoki; hubaki kama alama ya kaburi, ile ya watu wa Xerox, ili seva zilizokuwa hazipo zipate kuarifiwa msiba. Alama hukaa siku 180 katika misitu (msitu ni saraka nzima ya shirika pamoja na seva zake zote) iliyozaliwa tangu toleo la Windows Server 2003 lenye kifurushi cha kwanza cha marekebisho. Katika misitu ya zamani zaidi ni siku 60, na hapa ndipo wengi hunaswa: msitu uliozaliwa zama za Windows 2000 hubaki na siku 60 hata ukisimika seva mpya juu yake kila mwaka, mpaka mtu aende kuibadilisha namba hiyo kwa mkono.

Kwa nini niikomalie? Kwa sababu seva ya tawi iliyozimwa miezi mitatu ikingoja kipuri, au iliyokatwa na mgogoro wa pango, ikirudi kwenye msitu wa siku 60 inarudi na wafu. Akaunti zilizofutwa wakati haipo bado zimo kwake, na makaburi ya akaunti hizo yamekwisha kufagiwa kwingine kote. Hakuna wa kuiambia seva hiyo kwamba wamekufa. Windows hulijua hilo na huikatalia seva hiyo kusawazisha, ikiandika tukio namba 2042 kwenye kumbukumbu zake. Halafu anakuja bingwa wa kasi. Seva haisawazishi, bosi anapiga simu, na mtandaoni kuna maelezo ya kuwasha ufunguo mmoja wa rejista unaoruhusu kusawazisha kwa nguvu. Jina la ufunguo huo lenyewe linamtaja mshirika aliyepotoka na kuharibika. Anauwasha bila kuwaondoa wafu kwanza, seva inasawazisha, simu zinakoma. Akaunti ya mtu aliyeondoka mwaka jana sasa inaweza kufufuka kwenye seva zisizo na ukali wa kuikataa. Siku hizohizo pia ndizo umri wa nakala yako ya akiba: iliyopitwa na muda wa makaburi haifai kurudishwa. Namba moja inaamua mambo yote hayo, na sijawahi kuiona ikijadiliwa kwenye kikao kinachojadili sekunde.

Kazi nyingine za chinichini nitazipitia kwa haraka zaidi. Usafishaji wa majina ya zamani kwenye DNS huja umezimwa, hivyo jina la kompyuta iliyokufa huendelea kuelekeza watu kwenye anwani iliyokwisha kupewa mwingine. Upangaji upya wa hifadhi unaofanyika seva ikiwa kazini hukusanya nafasi tupu lakini haulipunguzi faili. Anayengoja diski ipumue atangoja sana. Kila dakika 60 kazi nyingine hupita na kuzirudishia akaunti za wasimamizi ruhusa zake za asili, na mafundi wasioijua hulaumu usawazishaji kwamba "unafuta" ruhusa walizoziweka.

Watu wa OpenLDAP wasicheke. Kwao ugonjwa una sura nyingine. Mfuatiliaji wa mabadiliko, yaani seva inayopokea nakala, ana hali mbili: kuuliza kwa vipindi, au kuunganishwa na kukaa akisikiliza. Takriban kila mwongozo wa haraka unakuambia uchague ya pili kwa sababu ni ya papo hapo. Sawa, nami huichagua. Ila muunganisho unaokaa kimya usiku kucha hukatwa na faiawoli bila kuagana, na upande wa mfuatiliaji unaweza kubaki ukiamini uko hewani, ukisikiliza simu iliyokatwa. Kuna mpangilio wa kupima uhai wa muunganisho, hauwekwi. Kisha kuna mpangilio wa kujaribu tena. Mfano unaonakiliwa kutoka kwenye mwongozo rasmi husema: jaribu kila sekunde 60 mara 10, kisha kila sekunde 300 mara 3. Baada ya hapo? Baada ya hapo mfuatiliaji anaacha. Fanya hesabu: umeme wa makao makuu ukikatika nusu saa tu, nakala ya tawi imekwisha kukata tamaa na haitajaribu tena mpaka mtu aiwashe upya. Alama moja ya kujumlisha mahali pa ile namba ya mwisho ingeiambia ijaribu bila kikomo. Nakala inayochelewa dakika kumi haijawahi kumdhuru mtu kama nakala iliyosimama wiki sita huku ikijibu maswali kwa sauti ya kujiamini.

Na wale wanaotaka kila seva ya OpenLDAP iandikike ili mabadiliko "yawe karibu na mtumiaji" wasome waundaji wenyewe wanavyoonya. Mwongozo wao unakataa waziwazi hoja kwamba mpangilio huo hupunguza mzigo, kwa sababu kila andiko lazima lifike kwenye seva zote vilevile. Mgongano ukitokea, la mwisho kwa saa ndilo linaloshinda. Seva yenye saa iliyotangulia mbele itakuwa inashinda mabishano isiyostahili kushinda. Active Directory hutazama kwanza ni mara ngapi sifa husika ya kitu imebadilishwa, kisha ndipo itazame saa. Hakuna njia kati ya hizo mbili inayojua nani alikuwa sahihi.

Chini ya mapenzi haya ya kasi kuna imani ya hatari zaidi: kwamba nakala nyingi zinazofanana ni akiba. "Hatuhitaji bakapu ya saraka, tuna seva tano." Tarehe 27 Juni 2017 kampuni ya meli ya Maersk ilipigwa na programu haribifu NotPetya. Kwa simulizi ya mwandishi Andy Greenberg katika jarida la Wired, Maersk ilikuwa na seva za saraka zipatazo 150 zilizosawazishana, kila moja ikihesabiwa kuwa akiba ya nyingine. Hakuna aliyewaza kwamba zote zingefutwa kwa pamoja. Zilifutwa. Ilibaki moja, Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko kabla ya shambulio na seva ikawa nje ya mtandao. Laini ya huko ilikuwa nyembamba mno kuivusha data hiyo, na hakuna mfanyakazi wa Ghana aliyekuwa na viza ya Uingereza. Diski ikabebwa hadi Nigeria, ikapokewa uwanja wa ndege na mwenzao, akapanda nayo kwenda London.

Niwe mwangalifu: aliyezifuta ni mdudu, si usawazishaji. Lakini nakala inayofanana na wenzake kila sekunde inafanana nao pia katika msiba. Fundi akifuta kwa bahati mbaya kundi zima la watumiaji, usawazishaji wa sekunde 15 unampa sekunde 15 za kujuta. Wapo waliojibu hili kwa kutengeneza eneo la makusudi linalochelewa siku kadhaa, ili likimbiliwe siku ya ajali. Hilo nalo silikubali, ingawa linanipendelea. Seva hiyo ni hai, inaweza kusawazishwa na yeyote mwenye amri moja, na mdudu hasomi ratiba. Akiba ni nakala iliyotoka nje ya mfumo, iliyowekwa mahali ambapo mfumo haufiki, na iliyokwisha kujaribiwa kurudishwa. Kuchelewa kwa ratiba kunakupa nafasi ya kupumua na si zaidi ya hapo.

Watabakia wale wanaosema mjadala umepitwa na wakati, kila kitu kimehamia kwenye wingu na huko watu wa Microsoft wanajua. Mosi, wingu liko mwisho wa nyaya za baharini. Mwezi Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania na majirani zake walionja intaneti ya kusuasua kwa siku kadhaa, na saraka ya tawi iliyoachiwa ratiba tulivu na seva yake humohumo ndiyo iliyo na uwezo wa kuendelea kufungua milango siku kama hizo. Pili, watazame hao wajuzi wamefanya nini. Programu ya Microsoft Entra Connect, inayopeleka saraka ya ofisini kwenye wingu, hutembea kila dakika 30, na haikubaliwi kwenda mara nyingi zaidi ya hapo. Nywila peke yake ndizo zinazopewa safari ya kila dakika 2. Wametenganisha cha haraka na kisicho cha haraka, kama walivyofanya tangu mwaka 2000. Kisha wakaweka breki: safari moja ikija na maombi ya kufuta vitu zaidi ya 500, programu husimama, haifuti, inamngoja mtu aseme kama ndivyo anavyotaka.

Breki hiyo ndiyo ningependa kuiona kwenye ajenda ya kikao kijacho, mahali pa sekunde. Kikomo cha 500 ni cha kiwandani. Shirika ambalo saraka yake yote, watumiaji na makundi na kompyuta, haifiki vitu 500, linaweza kufutwa lote kwenye wingu katika safari moja na breki isiguse gurudumu. Kuishusha namba hiyo hadi 20 ni amri ya mstari mmoja.